Oda ya Chai Nyuma ya CV Yangu

Chai nne, mandazi kumi, na maziwa kando kwa ajili ya mgeni. Hivyo ndivyo karatasi ilivyosema, kwa kalamu nyekundu, maandishi ya haraka ya mtu aliyezoea kutuma wengine. Mratibu wa shirika alinipa mlangoni ikiwa imekunjwa mara mbili, akaniambia, "Dada, tusaidie kidogo, kamati imechoka," nami nikaichukua bila kuikunjua, kwa sababu mwaka mzima nilikuwa ndiye ninayetumwa na nilikuwa nimejizoeza kutosoma vitu visivyo vyangu. Nilikuwa nimembeba Akiru mgongoni kwa leso. Nilizunguka nyuma ya ofisi hadi kibanda cha Mama Karimi, nikamkuta akiopoa mandazi kwenye mafuta. Alijipangusa mkono, akaikunjua ile karatasi, akaisoma, halafu akaigeuza kuona kama oda inaendelea upande wa pili. Akaiangalia, akaniangalia.

"Mama Akiru," akasema, "hii si ni jina yako?"

Lilikuwa jina langu. Ulikuwa ukurasa wa kwanza wa CV yangu, ule wenye jedwali: jina, kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, kabila, dini, wodi, simu, hali ya ndoa, na mstari wa tisa, idadi ya watoto. Kwenye mstari huo nilikuwa nimeandika, "Mmoja, miezi kumi na minne." Ulikuwa umezungushiwa duara kwa kalamu ile ile nyekundu, na pembeni pameandikwa neno moja: Toa.

"Hata hawajaipasua," Mama Karimi akasema polepole, kama mtu anayejaribu kuwaelewa. "Si mtu hupasua kwanza?"

"Mimina chai," nikamwambia. "Iwe moto."

"Usiwamwagie. Una mtoto mgongoni."

"Siwamwagii. Mimina tu."

Naandika haya kwa sababu Halima, aliyeichapa karatasi ile, amekufa. Alikuwa akipelekwa mjini Isiolo kujifungua, gari likakwama kwenye mchanga baada tu ya kutoka Kinna, akatokwa na damu hapo hapo barabarani. Mtoto alikufa pia. Nilipofika kutoa pole ilikuwa siku ya tatu, wanawake wameketi mkekani, wanaume upande wao. Nilisema salaam aleikum, nami ni Mkristo, kwa sababu Halima ndiye aliyenifundisha kuisema bila aibu. Mama yake hakunijua kwa sura. Nilipomwambia mimi ni Mama Akiru wa Kiwanjani, alinishika mkono asiuachie, akamwambia msichana mmoja aingie ndani alete faili. Ilikuwa faili ya plastiki, ile ya kamba nyekundu, imekwaruzika. Ndani yake mlikuwa na CV yangu, siyo ile ya duara, ile nyingine, namba mbili. Miaka minane aliitunza. Nilirudi mjini siku hiyo nikiwa nimeikumbatia, na tangu hapo silali vizuri wala sizungumzi na watu vizuri, kwa hiyo naona ni afadhali niandike.

Habari za kwetu sitaziandika. Kwetu ni Ngaremara, hayo yanatosha. Mwaka ninaousema kaunti zilikuwa bado changa, kila wiki kunazinduliwa kitu, kila mtu mjini anatembea na bahasha ya kaki kwapani kwa sababu tuliambiwa kazi sasa zimeletwa nyumbani. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, cheti cha kidato cha nne chenye C ya kawaida, na mtoto ambaye baba yake alikwenda kutafuta kazi Moyale akasahau njia ya kurudi. Nilikodi chumba Kiwanjani, ploti ya vyumba vinane vinavyotazamana, ukuta wa mabati katikati. Halima alikuwa chumba cha pili. Ukuta wetu ulikuwa mwembamba hivi kwamba nilisikia kifuniko cha themosi yake kikifunguliwa, naye alisikia Akiru akikohoa, na kabla sijainuka anagonga bati kwa vidole: "Mpake mafuta kifuani. Mafuta, sio maji."

Tulikula pamoja. Kila mwisho wa mwezi Halima alikwenda Kinna na kurudi na kopo la nyirinyiri, ile nyama iliyokaangwa vipande vidogo ikahifadhiwa kwenye mafuta yake, na mimi nilipika ugali na sukuma. Alikuwa anachota nyama kwa kijiko, anahesabu moja kwangu, moja kwake, na ya Akiru anaitafuna kwanza yeye mwenyewe hadi iwe laini. Alimshika Akiru kwa namna iliyonishangaza. Wasichana ambao hawajazaa humshika mtoto kama sufuria ya moto. Yeye alijua mahali pa kuweka kiganja. Nikamuuliza siku moja, "Wewe nani alikufundisha?" Akasema, "Nina mdogo wangu Kinna. Nilimlea mimi." Nikaamini, kwa nini nisiamini? Nilikuwa nashukuru tu kupata mtu wa kunishikia mtoto nikaoge.

Halima aliajiriwa kwenye saiba karibu na soko. Mle ndani joto la kompyuta lilikuwa kali kuliko jua la nje, feni ikisukuma vumbi kutoka kona hii kwenda kona ile. Ukutani, ndani ya mifuko ya plastiki, zilining'inia CV tatu za mfano, na chini ya kila moja Halima ameandika namba kwa kalamu nene. Watu hawakusema mitindo kwa majina, walisema namba, kama wanaagiza chakula. Namba moja ilikuwa ya miaka: jedwali kubwa la mambo yako binafsi mbele, halafu shule na kazi, mwaka kwa mwaka kurudi nyuma. Namba mbili ilikuwa ya ujuzi: inaanza na unachoweza kufanya, shule inakuja baadaye, na mambo binafsi ni mistari miwili mwishoni. Namba tatu ilikuwa mchanganyiko, na hakuna aliyeichukua kwa sababu ilikuwa na kurasa nyingi. Karibu mji mzima ulitembea na namba moja. Halima alikuwa anaandika ya mtu mpya juu ya ile ya mtu wa jana, anabadilisha majina, na vingine anaviacha. Ndiyo maana mwaka huo kila kijana wa Isiolo alipenda kusoma, kusafiri na kukutana na watu wapya. Mzee mmoja mlinzi, aliyetaka kazi ya lango, alisomewa hayo akasema, "Mimi kukutana na watu wapya sitaki. Kazi yangu ni kuwazuia." Halima alicheka hadi akaegemea printa. Lakini akafuta.

Mimi mchana nilikuwa kwenye mradi wa lishe. Sitataja shirika. Walikuwa na uwanja wenye turubai, mizani ya kuning'inia, na utepe wa kupima mkono wa mtoto wenye rangi tatu: kijani mtoto ni mzima, njano angalia, nyekundu mpeleke ndani haraka. Nilijitolea. Kujitolea maana yake unafika kabla ya wengine, unaondoka ukiwa umefagia, na mwisho wa mwezi unaambiwa asante. Nilipima watoto mwaka mzima nikiwa na wangu mgongoni. Nilizungumza Kiturkana na wanawake wa kwetu, Kiborana cha sokoni na wa upande ule mwingine, na Kimeru cha kununulia mboga na waliobaki. Mvua ilikuwa imekataa misimu miwili. Nakumbuka mikono mingi kuliko nyuso. Unafunga utepe, unavuta taratibu, na mama hatazami mtoto, anatazama uso wako, kwa hiyo unajifunza kutokuwa na uso. Siku ya nyekundu tano kwa mpigo, Sista Kendi, muuguzi msimamizi, alinikuta nimekaa nyuma ya turubai. Aliniletea chai yake mwenyewe, ya kikombe chake. "Vumilia," alisema. "Nafasi ya karani ikitoka hii ni yako. Nani mwingine anaijua hii rejista?" Nilivumilia. Nilivumilia kwa kikombe kile kimoja miezi sita.

Nafasi ikatoka. Karatasi ilibandikwa langoni: karani wa takwimu, nafasi moja, kidato cha nne, lugha za eneo, mwisho wa kupokea maombi Ijumaa saa kumi na moja. Niliisoma mara tatu, kwa sababu ilikuwa inaeleza kazi niliyokuwa nimeifanya asubuhi hiyo. Kodi, maziwa, dawa ya kifua ya Akiru, kila kitu changu kilikuwa kwenye karatasi ile. Nikaenda mbio saiba.

"Nipe namba moja," nikasema.

Halima hakugusa kibodi. "Wewe ukijaza namba moja umejichoma," akasema. Akaishusha kutoka ukutani, akaniwekea kidole. "Angalia hapa. Kidato cha nne. Halafu? Shimo. Miaka mbili ya shimo. Mtu wa ofisi akiona shimo anaanza kuchimba."

"Si shimo. Nilikuwa nazaa, nikalea."

"Hiyo ndio wanaita shimo."

"Wazimu. Wao walitoka wapi?"

"Sijui walitoka wapi. Mimi nachapa tu. Keti hapa, niambie unafanya nini huko kutoka asubuhi. Usiniambie mwaka. Niambie kazi."

Nikamwambia. Alichapa akiniuliza kama polisi: unapima wangapi, unajuaje umri kama mama hajui tarehe, rejista ina safu ngapi, mama akikataa mtoto kulazwa unamwambiaje. Nilimwambia sihesabu umri kwa tarehe, nauliza mtoto alizaliwa kabla au baada ya ile mvua ya mwisho, ng'ombe walikuwa wapi. Akaandika hilo pia, kwa maneno ya kiofisi. Alipochapisha alinipa ikiwa bado na moto wa printa, nikasimama mlangoni nikaisoma kama ninayesoma habari za mtu ninayemheshimu. Mwaka wangu wote ulikuwa pale, umepangwa. Sikuwa nimewahi kujiona hivyo, na sikumwambia Halima asante vizuri, nilisema tu, "Haya, si mbaya."

Nilimpelekea Mratibu siku ya Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Alikuwa kijana mpole, shati la mikono mirefu hata kwenye lile joto, hana ubaya wa kupiga kelele. Alifungua, akageuza, akageuza tena kutafuta kitu.

"Dada, hii ni nini?"

"CV."

"Miaka iko wapi? Na maelezo binafsi?"

"Yako mwishoni."

"Familia haipo. Makao makuu wana jedwali lao, wanajaza kutoka mbele. Hii watairudisha." Akaiweka mezani, akaisukuma kwangu kwa kidole kimoja. "Sio mimi, ni mfumo. Una mpaka saa kumi na moja. Nenda ulete ile ya kawaida."

Sista Kendi alikuwa akipita na trei ya chanjo. Nikamtazama, nikitaka aseme neno. Akasema, "Wapatie ile wanajua, Mama Akiru. Usilete maarifa."

Kwa hiyo ni mimi niliyebadilisha. Hakuna aliyenishika mkono. Nimejiuliza kwa miaka kwa nini sikung'ang'ana na karatasi niliyoipenda, na jibu ni kwamba nilikuwa na saa tatu na nilikuwa na njaa ya ile kazi. Saiba ilikuwa imejaa, Ijumaa, wengi wana bahasha. Halima aliniona mlangoni akajua. Hakusema nilikwambia. Alifungua namba moja, akaanza kujaza kutoka kitambulisho changu, kabila, dini, wodi, simu, na alipofika hali ya ndoa akaandika "sijaolewa" bila kuniuliza. Mstari wa tisa ulipofika, vidole vikasimama.

"Hana," akasema, kwa sauti ya chini, watu wasisikie. "Naandika hana."

"Nani hana?"

"Mama Akiru, nisikize. Ni karatasi tu. Nani atakuja kwako kuhesabu? Ukishapata kazi, mtoto anatokea pole pole."

"Kila siku wananiona naye mgongoni."

"Wanaoandika makao makuu hawakuoni. Wanaona karatasi."

"Niandike hana, na huyu hapa ananyonya?"

"Yeye hajui kusoma."

"Atajua," nikasema. "Siku moja atafungua sanduku langu aisome. Andika mmoja."

"Utajuta."

"Andika mmoja, Halima, na uandike miezi. Wewe hujui, hujazaa. Hujui unaniambia nini."

Nilisema hivyo. Mbele ya foleni. Halima alinitazama kidogo, kisha akageukia kioo, akaandika, akipiga vitufe kwa nguvu hadi mteja wa kompyuta ya pili akageuka. Alichapisha, akanipa bila kunitazama; ile namba mbili ikabaki mezani kwake. Siku mbili hatukula pamoja. Nilisikia kifuniko cha themosi yake upande wa pili wa bati, nilisikia kijiko kikigusa kopo la nyirinyiri, na hakugonga hata Akiru alipokohoa. Nilidhani ameudhika kwa sababu nimekataa ushauri wake.

Kamati ilikaa wiki iliyofuata. Watu wanne: Mratibu, mama mmoja kutoka makao makuu ambaye ndiye mgeni, mzee mwakilishi wa jamii, na Sista Kendi. Chumba kilikuwa na dirisha la vioo vya kukunja, na chini ya dirisha hilo ndipo palipokuwa na kivuli, ndipo nilipokuwa nikinakili rejista kila siku. Sikujificha. Kila mtu alijua nakaa pale. Nilisikia karatasi zikipangwa, nikasikia mgeni akisema, "Wenye watoto chini ya miaka miwili tuwaweke kando kwanza. Itapunguza." Mtu akauliza kwa nini. Alikuwa yule mzee wa jamii.

"Mimi mwenyewe nimelea watatu nikiwa kazini," mgeni akasema. "Ninajua. Mtoto akipata homa, ripoti inalala."

"Lakini huyu msichana," mzee akasema, na nikasikia kidole kikigonga karatasi, "ndiye anafanya hiyo kazi sasa hivi. Kila siku namuona."

"Anafanya ya kujitolea," Mratibu akasema. "Ya kujitolea ni tofauti."

"Tofauti gani?"

Nilingoja sauti ya Sista Kendi. Nilingoja sana, kalamu ikiwa hewani juu ya rejista, na nilichosikia ni kiti chake kikisogezwa. Mzee akasema, "Haya, nyinyi mmesoma," na karatasi zikaendelea. Nilijiambia kuna wengine wenye watoto, kwamba huenda si mimi. Mtu anayehitaji kitu anaweza kujidanganya akiwa macho wazi. Dakika chache baadaye Mratibu akatoka na karatasi iliyokunjwa mara mbili.

Niliingia na trei. Nilimpa kila mtu kikombe chake, nikaweka maziwa ya mgeni kando kama alivyotaka. Kisha nikaikunjua ile karatasi, nikaiweka mbele ya Mratibu, jedwali juu, duara juu.

"Nisomee mstari wa tisa," nikasema. "Kwa sauti."

Aliitazama, akalifunika duara kwa kiganja. "Dada, hii ni bahati mbaya. Karatasi zilichanganyika."

"Nyuma ndiyo bahati mbaya. Mbele mliandika mkijua."

"Kuna kikao hapa," mgeni akasema. "Tunaomba utupishe."

Nilisogeza vikombe vyote mpaka ukingoni mwa meza, mmoja mmoja walivishika visianguke. Nikafungua leso, nikamshusha Akiru, nikamketisha katikati ya meza, juu ya bahasha. "Huyu ndiye mstari wa tisa," nikasema. "Mtoeni."

Hakuna aliyemgusa. Akiru alitazama nyuso zile nne, akanyoosha mkono akachukua mandazi. Mzee alitazama kikombe chake. Mimi nilimtazama Sista Kendi, ambaye alikuwa amempima Akiru siku ya kwanza kabisa, na yeye akatazama ukuta. Baada ya hapo nikamfunga mtoto wangu mgongoni, mandazi mkononi, nikachukua karatasi yangu nikatoka. Sista Kendi alinifuata hadi nje. Alikuwa na machozi, nakubali. Akasema, "Ungenyamaza tu. Wangekuita mwakani." Nikamwambia sitakuja mwakani wala Jumatatu, ila kesho asubuhi nitarudisha ufunguo wa stoo.

Halima alipotoka kazini alikuwa ameshasikia, mji wetu ni mdogo. Hakugonga bati, alikuja mwenyewe na themosi na kopo, akaketi sakafuni. "Lete hiyo karatasi." Akaishika karibu na taa, akatazama duara kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Ungeandika hana," akasema, "saa hii wewe ni karani."

"Najua."

"Na kila asubuhi ungeamka ukiogopa nani atakuuliza."

Nilidhani ananifariji. Miaka minane nimedhani hivyo. Ni mwezi uliopita tu, kwenye mkeka kule Kinna, nilipomtazama vizuri yule msichana aliyeniletea faili. Ana miaka kama kumi na moja, anaitwa Darmi, na ana paji la uso la Halima na mwanya wa Halima. Alimwita yule mama mzee Ayyo, yaani mama, na akasema "dada yangu" alipomtaja marehemu. Alipokwenda kuongeza chai, mama mzee alinivuta karibu. "Huyo ni wa Halima," akasema. "Alimwacha hapa wa miezi saba. Tajiri wa saiba alitaka msichana hana mtoto. Aliandika hana, akapata. Halafu ikakuwa ngumu kurudisha maneno." Nikauliza kama mtoto anajua. "Alimwambia mwaka jana. Alimwambia kuna mwanamke huko mjini alikataa kuandika hana, mbele ya watu, na yeye ndiye alikuwa anachapa."

Sijui nifanye nini na hilo. Nimemkasirikia Halima aliyekufa, kwamba alishika mtoto wangu mwaka mzima akimtafunia nyama na hakuniambia. Nimejikasirikia mimi kwa yale maneno, hujazaa, hujui. Na chini ya hasira zote mbili iko ile ya kwanza, ya duara, haijapoa hata kidogo, kwa sababu Darmi alilia siku ya tatu kwa kujificha nyuma ya boma. Watu walikuwa wanampa pole ya kufiwa na dada.

Jioni ile ya themosi Halima ndiye aliyesema tulalamike. Shirika lilikuwa na sanduku la malalamiko langoni, la bati, kufuli yake imeshika kutu, na fomu zinakaa kwa mlinzi. Alikwenda mwenyewe kuichukua kesho yake asubuhi. Alirudi akicheka cheko baya. Fomu ilianza na jedwali. Jina, kitambulisho, kabila, dini, hali ya ndoa, hadi mstari wa tisa ule ule, sehemu ya kueleza tatizo ikiwa mistari minne chini kabisa.

"Hatujazi hii," akasema. "Tunachapa yetu. Namba mbili."

Tuliichapa saiba ikiwa bado imefungwa, mambo yaliyotendeka kwanza, mambo yangu binafsi mwisho. Aliweka nakala tatu. Sikuitia kwenye sanduku. Nilisimama kwenye dirisha la mapokezi na Akiru mgongoni mpaka wakagonga muhuri kwenye nakala yangu, walichukua karibu asubuhi yote kutafuta wino. Jibu halijafika hadi leo. Mradi ulifungwa, uwanjani sasa panauzwa mbuzi. Nakala ninayo, neno kwa neno ni hii.

Kwa Kamati ya Malalamiko.

KUH: KUTOLEWA KWENYE ORODHA YA WAOMBAJI WA KAZI YA KARANI WA TAKWIMU

Nilijitolea kwenye mradi wenu wa lishe kwa mwaka mmoja. Nilipima watoto na kuandika rejista, na rejista hiyo mnayo. Nafasi ya karani ilipotangazwa nilileta CV inayoonyesha kazi hiyo. Ilirudishwa kwa sababu haikuonyesha familia. Nilileta nyingine inayoonyesha familia. Familia ilizungushiwa duara, nikatolewa. Kisha nyuma ya karatasi hiyo mkaandika oda ya chai, mkanituma mimi mwenyewe kuileta. Nilileta. Nakala ya karatasi, pande zote mbili, imeambatishwa. Shahidi wa oda ni Mama Karimi wa kibanda.

Sidai kazi hiyo tena. Nataka aliyeandika neno "Toa" aandike sababu yake kwa sentensi kamili na aweke sahihi. Nataka mstari wa idadi ya watoto uondolewe kwenye fomu za kuomba kazi, na kwenye fomu ya malalamiko pia. Nataka majibu kwa maandishi, kwenye karatasi ambayo haijaandikwa upande wa pili.

Maelezo binafsi.

Jina: Esther Akai. Makazi: Kiwanjani.

Idadi ya watoto: Mmoja. Anaitwa Akiru. Ana kilo tisa na gramu mia moja, na utepe wa mkono unasoma kijani. Nimempima mwenyewe leo asubuhi, kwa mizani yenu, kabla sijarudisha ufunguo.